Toa Kwanza, Uliza Baadaye: Historia ya Kitufe Kilichonizimia Video

Wasee, kama wiki iliyopita mlitafuta ile video ya makanga wa Rongai mkakuta hakuna kitu, shida haikuwa simu zenu. Ilitolewa. Nilikuwa nimeirekodi pale steji ya Railways saa kumi na mbili jioni: makanga anabishana na mama mboga juu ya shilingi ishirini, mama anamshinda kwa hoja, abiria wote wanakufa kwa kicheko. Sekunde 41 tu. Nyuma yao nganya inapiga wimbo, kama nganya zinavyopiga. Wimbo unasikika sekunde saba hivi, mlango unafungwa, basi.

Siku ya tatu nikaamka nikakuta barua pepe. Kampuni ambayo sijawahi kuisikia, kutoka nchi ambayo sijawahi kukanyaga, inasema nimetumia mali yake. Video imeondolewa. Akaunti imepewa onyo. Mapato ya mwezi yamesimamishwa hadi mambo yaeleweke. Sitaitaja kampuni wala jukwaa, bado tunavutana. Pesa iliniuma, maana landilodi haelewi mambo ya hakimiliki. Lakini kilichoniuma zaidi ni ule mpangilio: nimehukumiwa, nimefungwa, halafu ndio naulizwa kama nina la kusema.

Niliacha chuo mwaka wa pili na hata huko sikuwa nasoma sheria, kwa hivyo msiniite wakili. Ila nina usingizi mchache na hasira nyingi, na nilitaka kujua ni nani hasa aliyebuni kitufe hiki. Nilidhani ni vijana fulani wa California wenye suruali fupi. Kumbe kitufe kina umri kunishinda.

Turudi Florida, mwaka 1993. Wakati huo mtandao wa kawaida ulikuwa kompyuta ya mtu, iko nyumbani au ofisini kwake, na watu wanaipigia kwa laini ya simu, wanaweka mafaili na kuchukua mafaili. Jamaa mmoja, George Frena, alikuwa na huduma kama hiyo. Wateja wake wakapakia picha 170 za jarida la Playboy. Frena akajitetea mahakamani kwamba si yeye aliyezipakia, na kwamba alizitoa mara tu alipopata habari za kesi. Mahakama ikamwambia, pole, kukiuka hakimiliki hakuhitaji nia. Zilikuwa kwako, una hatia.

Sasa fikiria wewe ni kampuni ya simu ya Marekani na unasoma hukumu hiyo. Una mamilioni ya wateja, kila mmoja anaweza kupakia chochote saa nane ya usiku, na kila faili ni kesi inayokungoja. Upande wa pili fikiria wewe ni studio ya filamu au kampuni ya muziki. Unaona kitu ambacho kinaweza kunakili kazi yako mara milioni bila kupoteza ubora. Pande zote mbili zilikuwa na hofu ya kweli, na pande zote mbili zilikuwa na mawakili.

Wakakaa chini mbele ya bunge la Marekani wakapatana. Tarehe 28 Oktoba 1998, Rais Bill Clinton akatia sahihi sheria inayoitwa DMCA. Ndani yake kuna kifungu cha 512, na hapo ndipo kitufe kilipozaliwa. Makubaliano yalikuwa hivi: mwenye mtandao hatashtakiwa kwa yale wateja wake wanapakia, mradi akipata ilani kutoka kwa mwenye kazi, aitoe haraka. Wanasheria wanaita kinga hiyo bandari salama, kama jahazi lililoingia Mombasa dhoruba ikiwa nje. Ukitoa, uko ndani ya bandari. Ukianza kujiuliza kama ilani ni ya haki, uko baharini.

Angalia vizuri nani alikuwa kwenye meza hiyo. Wenye mitambo walikuwepo. Wenye nyimbo na filamu walikuwepo. Mtu wa tatu, yule anayepakia, hakuwepo kama nguvu, kwa sababu hakuwa bado mtu wa maana. Google yenyewe ilikuwa haijamaliza miezi miwili tangu isajiliwe. YouTube ilikuwa bado miaka saba. Mimi sikuwa nimezaliwa. Sheria inayoamua kama nitalipa kodi mwezi huu iliandikwa kabla kazi yangu haijakuwa kazi.

Kusema haki, hawakumsahau kabisa huyo mtu wa tatu. Waliweka njia ya kujibu, ilani ya kupinga. Ukiituma, mtandao unatakiwa kurudisha kazi yako baada ya siku 10 hadi 14 za kazi, isipokuwa mlalamishi awe amekwenda mahakamani. Kwa karatasi inapendeza. Tutaifikia hiyo karatasi.

Mwaka uliofuata, 1999, kijana wa miaka 18 aliyeacha chuo cha Northeastern akaachilia programu inaitwa Napster. Shawn Fanning. (Ndiyo, nilisherehekea kidogo niliposoma kwamba aliacha chuo. Kisha nikasoma mwisho wake.) Watu wakaanza kubadilishana nyimbo kwa mamilioni. Bendi ya Metallica ikapeleka majina ya watumiaji zaidi ya 300,000 ikitaka wafungiwe. Napster ikajaribu kukimbilia bandari salama, lakini Februari 2001 mahakama ya rufaa huko San Francisco ikaona inajua kinachoendelea na ina uwezo wa kukizuia, na Julai mwaka huo ikazima. Funzo ambalo wafanyabiashara walibeba kutoka hapo lilikuwa rahisi: ukitaka kuishi, toa, toa haraka, na usijifanye unajua sana kilichomo.

Ndipo ikaja YouTube. Video yake ya kwanza ni ya tarehe 23 Aprili 2005, sekunde 19, mmoja wa waanzilishi amesimama mbele ya ndovu katika bustani ya wanyama ya San Diego akisema kwamba wana mikonga mirefu. Mwaka na nusu baadaye Google ikainunua kwa dola bilioni 1.65. Na mara tu mnunuzi mwenye mfuko alipoonekana, mawakili wakafika kama nzi kwa maembe.

Tarehe 2 Februari 2007, Viacom, wenye MTV na Comedy Central, walituma ilani moja ya kuondoa video 100,000. Kufikia siku iliyofuata ya kazi YouTube ilikuwa imeondoa karibu zote. Bado haikutosha. Mwezi Machi Viacom wakashtaki wakitaka dola bilioni moja, wakisema YouTube inajua inaishi kwa mali ya watu. Kesi ikaendelea hadi 2014, ikaisha kwa makubaliano nje ya mahakama. Jaji Louis Stanton alikuwa ameipa YouTube ushindi mara mbili, 2010 na 2013: kujua kwa ujumla kwamba kuna wizi hakutoshi, lazima uonyeshwe video gani hasa.

Lakini kitu kitamu kwenye kesi hiyo, kitu ambacho kingekuwa kichekesho kama si cha kweli, kilitoka 2010. Google walidai kwamba Viacom wenyewe, miaka yote hiyo, walikuwa wakipakia video zao YouTube kisiri ili kujitangaza. Walikodisha mawakala wa matangazo wasiopungua 18, wakaziharibu baadhi ya video kidogo ili zionekane zimeibwa, na wakatuma wafanyakazi kupakia kwa kompyuta za duka la fotokopi ili wasifuatwe. Halafu, kwa mujibu wa Google, watu wa sheria wa Viacom wakawa wanatuma ilani kuondoa video ambazo watu wa matangazo wa Viacom wamepakia, kisha wanarudi kwa aibu kuomba zirudishwe. Manze. Kama kampuni yenyewe haiwezi kujua ni ipi imeibwa na ipi imewekwa na wenyewe, mashine itajuaje?

Mwezi ule ule wa ilani 100,000, Februari 2007, mama mmoja huko Pennsylvania alipakia video ya mtoto wake wa miezi 13 akicheza jikoni. Sekunde 29. Nyuma kuna redio, na redio inapiga wimbo wa Prince, sauti mbovu, unausikia kwa shida. Mwezi Juni kampuni ya Universal ikatuma ilani, video ikaondolewa. Niliposoma hapa niliacha chai ikapoa. Jikoni na redio, steji na nganya, ni kitu kimoja.

Tofauti ni kwamba mama huyu alipata mawakili wa bure, wa shirika la EFF, na akaishtaki Universal. Hoja yake haikuwa kwamba wimbo ni wake. Hoja ilikuwa kwamba sheria ya Marekani inaruhusu matumizi fulani bila kibali, yale yasiyomnyima mwenye kazi soko lake, na kwamba kabla ya kutuma ilani ni lazima ujiulize swali hilo. Mwaka 2008 Jaji Jeremy Fogel akakubaliana naye. Huyu Fogel alikuwa tayari anaijua michezo hii: mwaka 2004 ndiye aliyeamua kwamba Diebold, kampuni ya mashine za kupigia kura, ilitumia vibaya ilani za hakimiliki kuwanyamazisha wanafunzi wa chuo waliochapisha barua pepe za ndani zinazoonyesha kasoro za mashine hizo. Diebold ilimaliza kwa kulipa dola 125,000. Someni hiyo tena polepole. Hakimiliki ilitumiwa kuficha kasoro za mashine za kura. Sisi wa hapa tunaojua hasira ya seva za uchaguzi, tunaelewa.

Kesi ya mtoto anayecheza ikafika mahakama ya rufaa mwaka 2015, mama akashinda nusu. Ndiyo, walisema, anayetuma ilani lazima kwanza afikirie kama matumizi yanaruhusiwa. Lakini akishafikiria, hata akifikiria vibaya, inatosha kama aliamini kwa dhati. Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiza mwaka 2017. Mwaka 2018 wakamalizana. Miaka 11 kwa sekunde 29. Mtoto aliyekuwa anacheza kwa nepi alikuwa na miaka 12.

Na wakati mawakili wanazozana kama binadamu lazima afikirie, kazi ilikuwa tayari imeshahamishwa kwa kitu kisichofikiria. Oktoba 2007 YouTube ilianzisha mfumo ambao baadaye ulijulikana kama Content ID. Mwenye wimbo anapeleka nakila, mashine inachukua alama zake kama alama za vidole, kisha inakagua kila kinachopakiwa. Ikipata mfanano, mwenye wimbo anachagua: izuie, ifuatilie, au achukue pesa ya matangazo. Hakuna sheria iliyoilazimisha YouTube kufanya hivyo wakati huo. Ni mapatano ya wakubwa wawili, kama 1998, safari hii bila hata bunge. Mwaka 2012 mashine ikadai kwamba ndege wanaoimba nyuma ya video ya mtu akichuma mboga za porini ni muziki wa kampuni fulani. Mwaka 2018 mwanamuziki mmoja wa Australia akapata madai matano kwa video yake ya saa 10 ya kelele ya shhhh, ile ya redio isiyoshika stesheni. Alikuwa ameitengeneza mwenyewe.

Hapa najua kuna msanii anasoma akinichukia. Sawa, tuongee. Mimi si mmoja wa wale wanasema kila kitu kiwe bure. Nimekulia karibu na mtu aliyeuza kanda halali River Road na akafilisiwa na kanda bandia zilizokuwa zinauzwa duka la pili kutoka kwake. Tarehe 16 Mei 2022, Azimio walipomtangaza Martha Karua kuwa mgombea mwenza, wakatumia wimbo wa Sauti Sol, Extravaganza, bila kibali, na Sauti Sol wakawasha moto hadharani. Walikuwa sawa kabisa. Chama chenye helikopta kinaweza kununua leseni. Shida yangu ni kwamba kitufe hakitofautishi helikopta na mama mboga.

Kenya nayo imejiunga na historia hii. Mwaka 2019 bunge lilirekebisha Sheria ya Hakimiliki ya 2001 na kuingiza kifungu cha 35B: ilani ya kuondoa, nakala kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, na mtoa huduma ana saa 48 kuzima isipokuwa apate ilani ya kupinga. Waliotangulia kuitumia hawakuwa wasanii wa Kayole. Mwaka huo huo MultiChoice, wenye DStv, waliwaandikia Safaricom na Jamii Telecommunications wazime tovuti zinazorusha mechi, wale wakakataa kugeuzwa askari, mvutano ukaishia Mahakama Kuu.

Ila nitaisifu sheria yetu kwa mambo mawili. Moja, anayelalamika anatakiwa kuambatisha kiapo au tamko, aeleze na juhudi alizofanya kumfikia mhusika. Mbili, kutuma ilani ya uongo au ya ubaya ni kosa la jinai. Ni bora kuliko ya Marekani kwa mbali. Basi mbona haikunisaidia? Kwa sababu video yangu haikuwa kwenye seva ya Mkenya, na jukwaa langu linafuata karatasi ya 1998. Meno yako Nairobi, kitufe kiko California.

Na kitufe chenyewe kinazaa. Mei 2025 Donald Trump alitia sahihi sheria inayoitwa Take It Down: picha za uchi zinazosambazwa bila idhini, zikiwemo zile feki za akili unde, ziondolewe ndani ya saa 48. Kama una dada, huwezi kuipinga nia hiyo. Mimi siipingi. Lakini sheria hiyo haina ilani ya kupinga kabisa. Ile njia ndogo waliyotuachia 1998, safari hii hawakuiweka. Kisha tarehe 15 Oktoba 2025, siku ile ile tulipokuwa tunalia Raila, Rais Ruto akatia sahihi marekebisho ya sheria ya uhalifu wa mitandao yanayoipa kamati ya serikali uwezo wa kuagiza tovuti au programu izimwe, kwa sababu za ugaidi, watoto, dini potovu, na maneno mapana sana: shughuli haramu. Wiki moja baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha vipengele vya kifungu cha 27 kuhusu unyanyasaji mtandaoni. Vya kifungu cha 27. Waliokuwa mtaani Juni 2024 wanajua jinsi neno haramu linavyoweza kunyooshwa.

Sasa ile karatasi. Ilani ya kupinga. Niliifungua Jumapili usiku, na hapo ndipo nilielewa kwa nini watu wengi hunyamaza. Kwanza, jina kamili, anwani na nambari ya simu, na vyote vinapelekwa kwa aliyekulalamikia. Kwa msee anayetumia jina la usanii kwa sababu za usalama, hiyo peke yake inatosha kumzima. Pili, kiapo. Anayelalamika anaapa kwamba ana mamlaka ya kumwakilisha mwenye wimbo. Kwamba mimi nimekosea, inatosha aseme anaamini hivyo. Mimi ninayejibu naapa juu ya jambo lenyewe, kwamba naamini kwa dhati video iliondolewa kimakosa, na nikiapa uongo ni jinai. Tatu, na hapa nilicheka peke yangu kejani, nakubali kushtakiwa katika mahakama ya Marekani, popote pale jukwaa linapopatikana. Mimi, ambaye pasipoti sina, nakubali kwenda kortini California kwa sababu nganya ilifungua mlango.

Nilimpigia rafiki yangu anayesomea sheria, yeye hakuacha. Akaniuliza swali moja tu: uko tayari kulala na hiyo sahihi? Nikamwambia nipe siku mbili. Nikaenda Railways. Mama mboga yuko pale pale, na ameshajua ameondolewa mtandaoni, wateja walimwambia. Akaniuliza, "Kijana wangu, kwani nilitusi nani?" Nikajaribu kumweleza Florida, nikajaribu kumweleza Clinton. Akasema nisimame kando kidogo, ninamzuilia wateja.

Nimeijaza jana usiku. Jina langu kamili, anwani ya mamangu kwa sababu yangu haina nambari, sahihi. Siku 10 za kazi zinaanza kuhesabiwa leo.